Majina Yatoke, Nyuso Zibaki

Jamila alimpakata bintiye mdogo Nour kwa mkono mmoja, kwa wa pili akichapa kwenye kompyuta. Kazi yake ni kupiga picha za harusi mjini Lamu, upande wa wanawake, wasikoingia wanaume.

Bi Ruqaiya, mama wa bi harusi, alikuwa amechagua picha za kutundikwa sebuleni kwa bwana harusi.

"Zenye ushungi tu, Jamila. Nyingine zisionwe na wanaume. Nimekuamini."

Nakala za picha zote alikuwa nazo Lubna, shoga yake Jamila mwenye mashine ya kuchapishia. Alichongoja ni majina ya faili za picha zilizochaguliwa. Jamila akayaandika moja moja: herufi, tarakimu, herufi. Nour akavuta kipanya. Jamila akakirudisha, akaendelea, akatuma.

Baada ya alasiri Lubna akaja mwenyewe na kompyuta yake.

"Shoga, na hii nayo wajomba waitazame?"

Bi harusi, nywele wazi, asmini kichwani. Jamila akalisoma jina la picha.

"Ya Rabbi! Nimekosea tarakimu moja!"

"Sijaichapisha. Ningekuwa na haraka je?"

"Bi Ruqaiya angenifungia mlango. Na haki yake."

"Na mtaa mzima ungefunga nyuma yake! Haya, nikuonyeshe ndia ya mkato. Wewe wateka kisima kwa kijiko."

Kwenye kompyuta ya Jamila, Lubna akafungua ukurasa wa mtengenezaji wa programu moja ndogo, ya bure, ya kunakili majina ya faili.

"Pakua kwa mwenyewe, si kwenye vitufe vinavyometameta. Ikague virusi kwanza."

Wakaisakinisha, kisha wakaziweka picha zilizochaguliwa kwenye folda yao peke yake.

"Sasa zitazame tena kwa macho yako. Programu haijui ushungi."

Jamila akazitazama moja moja. Zilikuwa sawa.

"Zichague zote. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha 'Nakili majina'. Kompyuta imeyashika. Fungua ujumbe, ubandike."

Majina yakashuka yote, yalivyo, bila herufi kupotea.

"Na picha?"

"Ziko pale pale. Kilichotoka ni majina."

Picha zilipochapishwa, Bi Ruqaiya alizipitia polepole, moja baada ya moja. Mwishowe akainua uso.

"Mdogo wake bi harusi aolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha. Mpiga picha ni wewe."

Bi Ruqaiya alipoondoka, Nour alikuwa amekikamata kipanya kwa mikono miwili.

"Vuta tu, mama," Jamila akacheka. "Majina yashakwenda salama."