Ndoo Mbili za Nyanya

Ukungu wa Ilula ulikuwa bado haujainuka Jumapili ile, Eveline akichambua nyanya uani, mara akamwona mama mgeni amesimama penye uzio.

"Hodi wenyewe! Basi letu limeharibika hapo barabarani. Naomba maji ya kunywa, mwanangu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mama Faustina, mama yake Eveline, alitoka jikoni na kikombe na kigoda. Mgeni akajitambulisha: yeye ni Ikupa, anarudi kwake Makongolosi.

Eveline aliendelea na kazi. Mbele yake palikuwa na ndoo mbili. Ya kwanza ilijaa nyanya kubwa, ngumu, za tuta alilopewa na mama yake alilime mwenyewe. Hizo angezipitia mnunuzi, mzee Sosthenes, na Eveline angepata viatu vipya vya shule, maana vya zamani vilikuwa vimeachama midomo. Ndoo ya pili ilikuwa ya kanisani. Leo ni Sikukuu ya Mavuno, siku ambayo waumini hupeleka mazao madhabahuni kumshukuru Mungu.

Rafiki yake, Goodness, aliyekuja kumpitia waende ibadani, alichungulia ndoo ya pili akacheka.

"Mbona hizi za Mungu kama zimekanyagwa na ng'ombe?"

"Juu nitapanga nzuri chache," Eveline alinong'ona. "Si ndivyo tunavyowapangia abiria tunapowauzia barabarani? Nani atafukua mpaka chini?"

Ikupa hakuwasikia. Alikuwa ameokota nyanya moja kutoka ndoo ile ya pili, yenye ufa ubavuni, ameinyanyua kwenye mwanga. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mama, nimekuudhi?" Eveline aliuliza kwa hofu.

"Hapana, mwanangu. Miaka mingi dunia yangu ilikuwa kama moshi. Juzi juzi huko Morogoro daktari amenitoa mtoto wa jicho. Tangu hapo nashangaa kila kitu. Jana nimemtazama kuku mpaka wajukuu wakanicheka." Akaigeuza nyanya polepole. "Kumbe nyekundu ndiyo hii! Na hapa kwenye kikonyo ameacha kijani kidogo. Mungu huyu!"

Eveline akaitazama. Alikuwa ameotesha miche, amemwagilia, amepalilia, lakini kutazama hakuwahi. Sasa aliona mwanga umeingia ndani ya nyanya ile kama taa. Aliinua macho. Ukungu ulikuwa ukipanda, na milima ikitokeza mmoja mmoja, kana kwamba inaumbwa asubuhi hiyo. Mwili ukamsisimka. Akajikuta ananong'ona, kama mtu aliyeingia kanisani.

Honi ya basi ililia. Ikupa akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo! Kwetu ndiyo asante sana. Leo sitawahi ibada. Utanishukuria kwa Mungu?"

"Nitakushukuria, mama. Nitampelekea zile nzuri zote."

Maneno yalishatoka ndipo akakumbuka viatu.

Basi lilipoondoka, Goodness alimvuta mkono. "Wewe, yule humwoni tena! Peleka hizohizo mbovu."

Eveline alimgeukia mama yake.

"Tuta ni lako, siwezi kukuamulia," alisema Mama Faustina. "Ila tumezoea, hata mimi, kumpelekea Mungu kilichotushinda kuuza, halafu tunakiita shukrani. Shukrani inaanzia machoni, mwanangu. Mtu akishaona kweli alichopewa, mkono unafunguka wenyewe. Viatu tutampelekea tena fundi."

Eveline alijitwika ndoo ya kwanza. Kabla ya kufika kanisani, gari la mzee Sosthenes lilisimama kando yake.

"Binti, si hizo nyanya zangu? Zipakie."

"Shikamoo, mzee. Samahani sana, leo nimeziahidi kwingine."

"Haya. Lakini mimi narudi mwezi ujao. Usije ukanililia."

Eveline aliteremsha macho miguuni. Kidole gumba kilikuwa kimechungulia nje ya kiatu, na umande ulikuwa wa baridi. Gari likanguruma, likaenda zake.

Kanisani aliweka ndoo katikati ya maboga na mahindi, juu mpaka chini nzuri tupu. Akapiga magoti.

"Mungu," alinong'ona, "mama Ikupa anasema asante. Ameona nyekundu." Akaigusa nyanya ya juu. "Na mimi nimeiona."