Meza ya Saba

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, na jua la mtaa wa Majengo lilikuwa limeanza kuyafukiza matope. Nje ya ukuta wa shule, malori yaendayo maghala ya Shimanzi yalipiga honi.

Maisara aliweka kishikwambi juu ya meza ya mwalimu. Programu iliyokuwamo aliiandika mwenyewe, na hakumwacha mtu asahau. Kila asubuhi ilirusha dadu mbili kwenye kioo, ikazijumlisha. Jumla hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya meza ambayo wanafunzi wake wangesafisha vyoo jioni. Meza za wanafunzi zilianzia ya pili hadi ya kumi na mbili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa ya mwalimu.

Dadu zilibiringika. Tatu na nne.

"Saba," alitangaza Maisara.

"Tena?" Mbeyu, wa meza hiyo, aliruka kitini. "Ijumaa saba, leo saba! Kocha amesema nikikosa mazoezi ya netiboli leo, natolewa timuni."

Maisara alimtazama kama mtu atazamaye samaki aliyelala siku mbili. "Kompyuta haimjui mtu, Mbeyu. Nyinyi mkicheza ludo mwapuliza dadu ili mpate sita. Mtaelewa nini?"

"Haimjui mtu?" alidakia Musyoka, aliyeketi na Mbeyu. "Mbona yakujua wewe? Meza yako ya kumi na mbili haijawahi kushika ufagio!"

Darasa liliangua kicheko. "Mwizi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wallahi sikuiba!" Uso wa Maisara uliwaka. Wajinga hawa, alijiambia, hata mstari mmoja wa programu hawawezi kuusoma.

Mwalimu Awiti, aliyefundisha hisabati, alikuwa amesimama mlangoni. "Ikiwa umewaonea wenzako, Maisara, kishikwambi hicho hutakigusa tena. Kiambie kirushe dadu mara elfu moja, kisha kituchoree matokeo kwa grafu ya nguzo."

Maisara aliguna. Aliongeza mistari miwili, akabonyeza, akawageuzia kioo kwa maringo. Kisha akakitazama mwenyewe. Nguzo ya saba ilisimama kama mnara wa msikiti. Ya kumi na mbili ilikuwa fupi kama kisiki.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilimuuma zaidi.

"Kumi na mbili waipataje?" aliuliza Mwalimu Awiti.

"Sita na sita."

"Njia nyingine?"

Maisara alitikisa kichwa.

"Na saba? Tuseme dadu moja ni nyekundu, nyingine nyeupe. Mbeyu?"

Mbeyu alihesabu kwa vidole. "Moja na sita. Mbili na tano. Tatu na nne. Halafu ukizibadilisha rangi, tatu tena. Njia sita, mwalimu!" Alimgeukia Maisara. "Sita kwetu, moja kwako. Na ulisema hatuelewi kitu."

"Sikujua," alisema Maisara polepole.

"Najua hukujua," alijibu mwalimu. "Hukuiba. Lakini wenzako walikwambia kuna kasoro, nawe ukawabeza badala ya kuhesabu. Dharau ilikuziba macho. Bahati haiwi ya haki kwa sababu imetoka kwenye mashine. Huwa ya haki pale kila mmoja anapokuwa na nafasi sawa, na nafasi hiyo hupimwa. Rekebisha. Kura ya leo imefutwa."

Maisara alizifuta dadu zote mbili. Aliiamuru programu ichague namba moja tu kati ya mbili na kumi na mbili, zote kwa uzito mmoja. Aliijaribu mara elfu moja, nguzo zikakaribiana. Kisha akapiga kura ya kesho yake, Jumanne.

Saba.

Darasa zima lilimgeukia Mbeyu. Mbeyu aliitazama namba ile, akashusha pumzi. "Hii naikubali," alisema. "Hii ni bahati mbaya tu."

Saa kumi alasiri, Mbeyu alikwenda netiboli na akabaki timuni. Musyoka alikwenda kumshangilia. Mwalimu Awiti alisahihisha madaftari. Maisara, ambaye hakuna aliyemwagiza, alichukua ndoo na ufagio, akasugua vyoo vyote peke yake.