Mwanamke wa Sura ya Nne

Ilianza na alama ya kuuliza. Katika ukurasa ambao Gharib alikwisha kuusahihisha mpaka akaridhika nao, pale mwisho wa aya palipotakiwa namba ya marejeo, kilikaa kiulizo ndani ya mabano. Akakitazama, akacheka. Alikuwa mtu wa kujiamini sana, Gharib. Miaka ile ya wakimbizi, wenzake walihangaika kutafuta kazi kwenye mashirika; yeye alitafuta udaktari wa chuo kikuu, na alikuwa akiandika habari za hao hao waliovuka ziwa kutoka Burundi na roho zao mikononi.

Kazi yote aliifanyia nyumbani, Rusimbi, kwenye kompyuta aliyorudi nayo kutoka chuo. Programu yake ilikuwa ya kupanga chapa: unaandika maneno na amri, unaiendesha, nayo inakutolea kurasa safi kama za kitabu. Vyanzo vyote hukaa katika faili lao, kila kimoja na ufunguo wake. Ukiutaja ufunguo katika maandishi, programu inakwenda yenyewe kukitafuta chanzo, inakipa namba, inakipanga kwenye orodha ya mwisho. Isipokiona, inaweka kiulizo. Hapo hapana uchawi.

Sura ya nne ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi hiyo, na wasimamizi wake waliisifu mno. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sura ile ilisimama juu ya visa viwili, cha kuvuka ziwa na cha kuzika watoto mchangani, na vyote alisimuliwa na mwanamke mmoja pale Kibirizi, siku boti zilipokuwa zikimwaga watu ufukweni. Kila kisa kilikuwa na ingizo lake kwenye faili, na maingizo yote mawili yaliegemea ingizo moja kuu, la yule msimuliaji. Gharib hakulitaja lile kuu mahali popote. Lakini programu ina kanuni yake: maingizo mawili yaliyotajwa yakiegemea moja, lile moja nalo huitwa orodhani, ulitaje usilitaje. Basi likaja, likakaa juu kabisa ya orodha, na mahali pa jina palikuwa patupu; kiulizo kilitokea hapo.

"Hivi yule mama wa Kibirizi aliitwa nani?" alimwuliza mkewe.

Hasna alikuwa mlangoni akimenya mihogo. "Unaniuliza mimi? Kwani nilikuwepo?"

Gharib akaandika "Hajulikani", akaendesha programu. Kiulizo kikabaki pale pale. Jioni ile Hasna alilalamika kwamba nyumba inanuka blanketi bichi, akafungua madirisha yote, na harufu haikutoka.

Akalifuta ingizo kuu. Viulizo vikawa viwili. Akalirudisha, akaandika "Mkimbizi wa kike". Viulizo vikaenea sura nzima, hata kwenye vitabu vya wazungu alivyokuwa amevipanga tangu mwanzo, na huko chumbani Hasna, aliyejilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, aliamka nywele zinamchuruzika maji. Gharib aliyanusa. Yalikuwa maji ya ziwa.

Toka hapo nyumba haikuwa tena nyumba. Mchana kweupe, jua likiwaka na majirani wakitwanga kisamvu upande wa pili wa ua, miguu mibichi ilisikika ikitembea sakafuni, taratibu, kama ya mtu aliyebeba mzigo na anaogopa kuudondosha, ikitoka mlangoni hadi kwenye meza ya kompyuta, ikisimama hapo nyuma ya kiti cha Gharib mpaka anahisi ubaridi kwenye shingo, na akigeuka hakuna kitu ila alama za maji, na kule chumbani Hasna, mtoto wa Ujiji aliyejua Kirundi cha kuulizia bei tu, anaita kwa sauti ya chini, hanyamazi, hachoki, "Nitwa nde? Nitwa nde?" Naitwa nani.

Akaletwa Bi Mwanamvua, mganga. Alifukiza ubani, akamfunika Hasna shuka, akamsomea alichokuwa akikisoma, kisha akauliza, "Ni nani wewe uliyekalia kiti hiki, mwili wa mwenzio?"

Sauti ilikuwa ya Hasna, lafudhi ilikuwa ya ng'ambo. "Muulize huyo. Nilimwambia."

"Unataka nini? Marashi? Mbuzi?"

"Sitaki mbuzi. Nilianza kwa kumpa jina langu, kama mtu mwenye adabu. Akaniambia, subiri mama, mashine sijaiwasha. Akaiwasha, nikampa na maneno. Maneno ameyabeba. Jina hakuniuliza tena."

Gharib aliona aibu, na aibu ikageuka woga, kwa sababu ndivyo alivyosema siku ile, neno kwa neno. Kanda zote alikuwa amezisikiliza upya. Zilianza na sauti yake mwenyewe: haya mama, sasa anza.

Bi Mwanamvua alimtoa uani. "Mwanangu, jini ningemweza. Jini unampa anachotaka anaondoka. Huyu ni mtu, na anadai haki yake, na haki haifukizwi ubani. Katafute jina lake, la kwake hasa, uliandike huko unakoandika. Usibahatishe."

"Na nisipolipata?"

"Mkeo anakwisha. Leo nimemuuliza jina la mama yake mzazi, amenikodolea macho. Hukumwona?"

Alimwona. Akaenda Kibirizi, akapita kwenye vichanja vya dagaa akiuliza, mpaka akaonyeshwa Melania, Mrundi aliyebaki akiuza samaki wakati wenzake wamepelekwa kambini. Melania alimkumbuka upesi.

"Yule mama alikufa kwa kipindupindu. Tulimzika huko juu."

"Aliitwa nani, dada?"

Melania aliweka beseni chini. "Si wewe uliyekuwa ukikaa naye kutwa na kimashine chako? Sisi tulikuja na boti nyingine. Tulimwita mama, basi. Tulidhani wewe ndiye unamjua." Kisha akamwonea huruma. "Ana dada yake, yuko kambini Kasulu. Nenda. Atakutajia hata jina la babu yake."

Kasulu. Mvua za masika, barabara tope tupu, na treni ya kesho ndiyo iliyokuwa ichukue kazi yake kwenda Dar es Salaam. Chuo kilikwisha kumwandikia kwamba hakimngoji tena. Gharib alisimama pale kwenye harufu ya dagaa akipima, Kasulu huku, treni kule, na mkewe katikati. Wako watakaosema alichanganyikiwa. Mimi nasema alipima, akachagua, na akarudi nyumbani akitembea haraka.

Programu ilitaka jina. Haikusema la nani. Akaketi, akafungua faili, na kwenye ingizo kuu akaandika jina la kwanza lililomjia, jina alilolipenda kuliko yote. Akajiambia hata mkewe atafurahi kujiona kitabuni. Hasna binti Haruna, mahojiano, Kibirizi. Akaendesha programu mara mbili, kama inavyotakiwa. Kila kiulizo kikaondoka. Orodha ikatoka imenyooka mwanzo hadi mwisho, na mle ndani miguu mibichi ikanyamaza.

Alikimbilia chumbani. Akamkuta ameketi kitandani, nywele kavu, uso umetulia, anakula wali na samaki kwa raha, chakula ambacho wiki hizo zote alikuwa akikikataa. Machozi yalimtoka Gharib kwa furaha.

"Hasna, mke wangu. Umepona."

Alimaliza tonge lake kwanza. "Urakoze," akasema. Asante.

Mlango wa uani ukabishwa, pole pole. Magharibi ilikuwa imeingia. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, na sauti aliyoizoea tangu siku ya harusi yake ikasema kwa unyonge, "Gharib, nifungulie. Nimelowa. Nasikia baridi."

Aliruka kwenda kufungua.

"Usimfungulie mtu usiyemjua," alisema yule wa kitandani, akinawa mkono bila haraka. "Muulize kwanza jina."

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu hakula, alimlisha mwenzake peke yake. Mkono ukiwa kwenye komeo, Gharib aliuliza.

"Nani?"

Aliyekuwa nje alikuwa akijaribu kukumbuka, na alijaribu kwa muda mrefu.

"Sijui," ikasema sauti ya mkewe. "Asubuhi nilikuwa nalo."