Vidonge Visivyofika Damuni

Mshonaji alilala chali kwenye sakafu ya chumba chake cha kushonea, mapazia yamefungwa, midomo imepiga weusi. Pembeni mwa mkono wake palikuwa na pakiti ya vidonge vya kipandauso, tupu.

Inspekta aliinama kusoma maandishi ya pakiti. Jasho jembamba likamtoka. Dawa ile aliijua kama anavyomjua mumewe, kwa miaka mingi na bila furaha. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemeza viwili, kutoka duka lile lile, toleo lile lile.

"Afande, uko sawa?" aliuliza konstebo.

"Nimekwambia siko sawa? Piga picha."

Kama vidonge vina sumu, basi alikuwa anapeleleza kifo chake mwenyewe, na kazi hiyo haina hata kupandishwa cheo.

Wifi wa marehemu, aliyeshona naye chumba kimoja, alikuwa amejikunyata kwenye kigoda nyuma ya cherehani.

"Alivimeza lini?"

"Asubuhi, tulipofungua tu. Vyote, kwa maji. Nikamwambia, wifi, vingi hivyo. Akasema kichwa kinapasuka."

"Kisha?"

"Vikamtuliza. Tukashona, tukacheka. Mchana akasema anajinyoosha kidogo. Nilipokuja kumwamsha…" Akajifuta macho kwa kipande cha bitana.

Inspekta alitazama saa yake. Hata yeye vilikuwa vimemtuliza. Na mchana ndio huo.

Usiku ule hakulala. Alilaza kiganja kifuani akisikiliza mapigo, na kila yalipojikwaa alimtikisa mumewe.

"Na ukifa utaniamsha tena?" mume alinung'unika, akageukia ukutani.

Kulipokucha akaenda chumba cha maiti akiwa na macho mekundu. Daktari wa uchunguzi alikuwa ameshapokea majibu ya maabara.

"Vidonge ni dawa safi, havina sumu," alisema. "Nimevikuta mdomoni na kooni, vizima. Tumboni hakuna hata kimoja."

"Damuni je?"

"Hamna. Kwenye ini hamna, kwenye mkojo hamna. Mtu hai akimeza dawa hii, inayeyuka tumboni, inapenya ukuta wa utumbo, inaingia damuni. Ini linaivunjavunja, figo zinatupa mabaki kwenye mkojo. Kila inapopita inaacha alama. Huyu hana alama hata moja, Inspekta. Maiti hamezi. Alitiwa vidonge akiwa ameshakufa."

"Kilichomuua?"

"Kukosa pumzi. Ona vidoti vyekundu hivi machoni."

Inspekta akakohoa kidogo. "Na mtu aliyemeza viwili jana asubuhi?"

"Sehemu kubwa ameshaiacha chooni. Nani huyo?"

"Rafiki yangu."

"Mwambie rafiki yako akalale. Anatisha kuliko wateja wangu."

Kituoni, wifi aliketi mbele ya meza, mikono mapajani.

"Ulisema alimeza, vikamtuliza, mkacheka."

"Ndiyo, afande."

"Dawa iliyomtuliza ingekuwa damuni mwake. Haimo. Vidonge havikuvuka koo. Ni nani alivitia?"

Wifi alivuta uzi uliolegea kwenye pindo la gauni lake.

"Mlikuwa wangapi mle ndani, dada?"

"Wawili," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayehesabu vifungo. "Kichwa kikimshika, yeye hujilaza gizani, mimi nashona. Magauni yote yale wanayomsifia, nusu ni mkono wangu. Juzi akaniambia binti yake amemaliza chuo. Nimpishe meza. Mimi nitakuwa napiga pasi."

"Ukafanyaje?"

"Kichwa kilimshika tena asubuhi. Akaniomba kitambaa cha maji baridi, kama siku zote. Nikamkandamizia kwenye paji la uso." Akatazama viganja vyake. "Halafu nikakiteremsha. Puani, mdomoni. Alipoanza kupigania pumzi nikamlalia kwa uzito wangu wote. Lakini mwanzoni, afande, kilipomgusa tu…"

"Sema."

"Aliniambia ahsante."