Mama Mkwe Mbele ya Boti

Risasi za kwanza zilisikika chai ikiwa bado haijachemka. Kasongo na mkewe Marsiana walikuwa wamebakiza nusu siku tu Lubonja, mji mdogo wa mtoni ulio chini ya msitu mnene, upande wa Kongo. Walikuwa wamevuka ziwa kutoka Ujiji kwa safari ya siku tatu: kumpelekea mama yake Marsiana kitenge, chumvi na sabuni, kisha kurudi. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1996. Pale Ujiji watu walikuwa wamewaambia vita viko mbali, kaskazini.

Watu walitawanyika. Kasongo alipita kwenye migomba, akafika mtoni kwanza na kukata kamba ya nanga kwa panga. Marsiana akafuata, bila viatu. Mama alifika wa mwisho. Hakukimbia. Alitembea polepole, kile kitenge kipya amekifunga juu ya kile cha zamani. Kasongo aliona hilo wala hakulifikiria, maana macho yake yalikuwa yameshashuka chini. Kwa watu wao, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, wala hatamki jina lake. Maneno yao hupitia kwa mke.

Mama akaketi mbele kabisa, amewapa mgongo, kichwa amekifunika. Kasongo akakaa nyuma kwenye injini. Marsiana katikati.

"Mwambie mama asogee huku kidogo," Kasongo alisema walipotoka mdomoni mwa mto. "Boti inainama."

"Amekusikia," Marsiana alijibu. "Boti yenyewe mita sita, nyinyi mnataka mpeane kilomita."

Mama hakusogea.

Saa sita mchana, milima ya Kongo ikiwa imefifia nyuma na ya Kigoma haijaonekana mbele, injini ilikohoa mara mbili ikazima. Kasongo alifungua kabureta na kuingiza kidole. Kilitoka na utando mzito wa njano.

"Mawese," alisema.

Kigoma karibu kila dumu limewahi kubeba mafuta ya mawese. Mtu wa boti hulisugua kwa mchanga na sabuni mpaka liwe kavu ndani, ndipo atie petroli. Dumu la kwendea alilisugua hivyo. La kurudia alilisuuza kwa maji ya moto tu, kwa sababu Marsiana alikuwa anamwita wawahi. Hakumlaumu. Alipangusa sindano ya kabureta kwa shati, akapuliza, akavuta kamba ya injini mpaka mkono ukafa ganzi. Injini haikuwaka.

Alasiri wingu jeusi lilishuka kutoka milima ya Kongo. Upepo uliwakuta ubavuni. Wimbi la kwanza lilimrusha Marsiana juu ya benchi, mkono wake wa kulia ukateguka. Alipiga kelele, kisha akachukua sufuria kwa mkono wa kushoto na kuanza kuchota maji.

"Mwambie mama naye achote!"

Mama alikuwa tayari anachota, kwa bakuli, bila kugeuka na bila kuinuka.

Mvua ilipopungua, Kasongo alitazama miguuni. Maji yaliyobaki ndani ya boti yalikuwa mekundu.

"Umeumia?" alimuuliza mkewe.

"Mkono tu. Wewe?"

"Sina jeraha."

Wote wawili wakatazama mbele.

Marsiana alitambaa mpaka kwa mama yake na kufunua kitenge kipya. Cha zamani, ndani, kilikuwa kimeloa damu kuanzia kiunoni. Risasi ilikuwa imepenya paja la kushoto, juu sana, mahali ambapo mama asingepaonyesha mbele ya mkwewe. Alikuwa ameketi hivyo tangu asubuhi.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, na yeye yuko hapo?"

Marsiana alikandamiza kwa mkono mmoja. Damu ilipita katikati ya vidole vyake. Alijaribu kwa goti, boti ikayumba, akaanguka.

"Siwezi," alisema. "Kasongo, mkono mmoja hautoshi."

Kasongo aliacha injini.

"Marsiana," mama alisema, sauti imekauka, "mwambie asije."

"Mama, amekusikia."

"Mwambie hata hivyo."

"Kasongo, mama anasema usije."

"Mwambie nakuja."

Alipiga magoti. Alifunga macho kwanza, kama mtoto anayekunywa dawa, kisha akayafungua, kwa sababu kidonda hakifungwi kwa kupapasa. Alikunja kitenge cha zamani kikawa donge, akalisukuma kwenye tundu na kuegemeza uzito wake wote. Mama aliuma meno. Uso wake aliufunika kwa mkono, na machozi yakapita chini ya kiganja. Kasongo hakujua kama ni ya maumivu au ya aibu.

"Mpe maji," alisema. "Kidogo kidogo."

Maji ya kunywa hayakuwa shida. Ziwa zima lilikuwa tamu. Shida ilikuwa baridi. Giza lilipoingia mama alianza kutetemeka, wakamlaza katikati yao, mgongo wake kifuani kwa Kasongo, ngumi ya Kasongo bado pajani pake. Marsiana alipiga kasia kwa ubao wa benchi, mkono mmoja, akipumzika, akipiga tena. Usiku ulipita hivyo.

Kulipokucha mama alikuwa ameacha kutetemeka, jambo lililomtisha Kasongo kuliko kutetemeka kwenyewe. Marsiana alichota maji kwa kiganja, akayatazama.

"Yana matope."

Majani ya mtoni yalikuwa yanaelea kando ya boti. Kasongo alijua mto Malagarasi unamwaga maji yake ziwani huko, kusini mwa Ujiji. "Nchi iko karibu," alisema. "Elekea kule maji yanakozidi kuwa mekundu kwa tope."

Mvuvi mmoja, Dismasi, aliwakuta saa tatu akiwa anarudi na dagaa. Aliona damu. Aliwafunga kamba na kuwavuta.

Ufukweni kulikuwa na mamia ya watu waliovuka usiku ule, na chini ya turubai meza ya karani, dada mmoja aitwaye Frida. Marsiana alianguka mchangani. Wanawake wakamchukua kumnywesha uji. Mama aliwekwa kwenye machela kando ya gari la hospitali, mkono bado usoni. Muuguzi alibonyeza mguu, akatikisa kichwa.

"Huu mguu nadhani hospitali wataukata. Mwenyewe, tutaona."

"Ninyi wakimbizi?" Frida aliuliza.

"Mimi na mke wangu ni wa Ujiji. Mama ndiye ametoka ng'ambo."

"Jina lake?"

Kasongo aligeuka kumtafuta Marsiana. Hakumwona.

"Kaka, gari linaondoka. Asiye na jina akifika hospitali anapotea. Wiki nzima tunawatafuta watu hivyo."

"Leonia," alisema.

"Sijasikia."

"Leonia binti Feliksi."

Kwenye machela mkono ulisogea, ukateremka kutoka usoni.

"Abee," mama aliitika.

Kasongo alimtazama. Alikuwa na macho ya Marsiana.

Machela ilipoingizwa garini, muuguzi alimwonyesha Kasongo nafasi nyuma, mlangoni. Kasongo aliinua mguu kwenda huko.

"Kaa hapa," mama alisema, na hakutafuta mtu wa kumpelekea maneno.