Doa la Mama Shavuni

Waligongana kwenye ngazi za jengo la maduka, saa ya watu kupigana vikumbo, na mkanda wa video ukamponyoka fundi cherehani. Kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja tu akaudaka kabla haujafika chini.

"Pole, dada. Mkanda huu umenizidi umri!"

"Ndani yuko marehemu mama yangu. Dakika nne tu, na ndizo nilizobaki nazo."

"Basi umefika. Mhariri wa video wa ghorofa ya juu ndiye mimi."

Tangu hapo simu hazikupoa. Kijana alimwita fundi Sindano. Naye, kwa ajili ya lile shati, akamwita Pasi.

"Sindano wangu, nikutengenezee picha ya kawaida au ya HD, ile pana inayoonyesha kila kitu wazi?"

"Mie najua vitambaa, mpenzi. Iliyo nzuri."

"Niachie mimi."

Siku ya kuitazama, Sindano alivaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta akatokea mwanamke mpana, uso laini kama sahani iliyooshwa.

"Huyu nani?"

"Si mama yako huyo! Nimemvuta ajae kioo kizima, nikamsafisha na uchafu wa mkanda..."

"Uchafu? Lile lilikuwa doa lake la shavuni! Umemfuta mama yangu!"

Akabamiza mlango. Siku tano hakupokea simu, na kila akikaa kwenye cherehani alihisi amefiwa upya. Siku ya sita ukaja ujumbe: "Mkanda wenyewe uko salama. Njoo, tafadhali." Akaenda, kanuna.

Safari hii picha ilikuwa ya kawaida, ndogo, yenye chenga kidogo, pembeni peusi kushoto na kulia. Katikati alikuwa mama, mwembamba, doa lake shavuni, anakata uzi kwa meno huku anacheka. Sindano akalia kwa sauti.

"Nisamehe," Pasi alisema. "Nilitaka kukufurahisha, nikapitiliza. Sasa pembeni pamebaki patupu, labda..."

"Paache! Usimguse tena. Asante, Pasi. Asante sana, umenirudishia mama."

Wakaitazama mara tatu, wameshikana mikono. Kisha Pasi akakohoa.

"Na video ya harusi yetu, turekodi ya kawaida au HD?"

Sindano akafuta machozi, akalitazama lile shati la bluu.

"HD, mpenzi. Nataka kila mkunjo wako uonekane."