Moto Usiochochewa

Kila Jumamosi Digna wa kijiji cha Kisawasawa alichukua kamba na panga akaenda mlimani kutafuta kuni. Jumamosi hii kamba hakuiona. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mama mkwe wake, Bibi Sikitu, alikuwa ameondoka na kamba hiyo alfajiri.

Bibi alirudi saa saba na mzigo wa kuni, anachechemea. Goti limevimba.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekwenda. Mimi nabeba kuni, wewe unabeba mjukuu wangu."

Digna akalikanda goti kwa maji ya moto. Maji hayo yalimaliza robo ya kuni.

Jumatatu alipeleka mpunga kukoboa. Mzee Theodori, fundi wa mashine, alikuwa anachoma lundo la pumba nyuma ya banda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona mnyonge?"

Digna akamweleza. Theodori akacheka. "Nyie mnaufuata moto mlimani, mimi nautupa hapa."

Akatafuta debe kuukuu, akalitoboa ubavuni, chini. Akasimamisha chupa katikati. Akapitisha kijiti kinene tunduni mpaka kikagusa chupa, akashindilia pumba kavu pande zote. Halafu akaizungusha chupa taratibu, akaichomoa. Kijiti nacho akakitoa. Ikabaki njia ya hewa.

"Washa huku chini kwa vijiti viwili vitatu. Pikia penye hewa, moshi wa mwanzo ni mwingi. Likishawaka, usiliguse."

Digna akalipeleka debe nyumbani, na jioni maharage yakaanza kuchemka juu yake uani. Bibi Sikitu akaja. Miaka hamsini amechochea kuni, mkono ukamtangulia. Akasukuma kijiti tunduni. Pumba zikaporomoka, moto ukafa, moshi ukawafunika wote wawili.

"Pumba ni za kuku," akasema Bibi, anafuta machozi. "Kesho nipe kamba yangu."

Asubuhi Digna aliamka kabla yake, akashindilia debe upya, akawasha.

"Mama, moto huu hautaki kuchochewa. Kaa hapa na mimi."

Akaushika mkono wa Bibi, akaulaza mapajani pake mwenyewe. Mkono ukashtuka mara mbili, kisha ukatulia. Maharage yakaiva, na moto ukabaki wa kuchemshia maji ya kuoga.

"Haya," Bibi akasema. "Sasa mikono hii nitaifanyia kazi gani?"

Digna alimjibu mwezi uliofuata. Alimwekea mikononi mtoto wa kike, ametoka kuogeshwa, anafuka joto. Na ile kamba ya kuni ikafungwa uani, nepi zikaanikwa juu yake.